Msichana wa simiti na mwanamke wa kichochoroni

Nina duka la kupiga chapa nyuma ya Mkunguni, hapa Lamu mjini. Kompyuta mbili, printa moja kubwa inayobugia wino kama punda anavyobugia maganda ya maembe, na watu mlangoni wanaotaka fotokopi ya kitambulisho. Kinachonilisha hasa ni kalenda, mabango na vipeperushi. Kwa hivyo nitakayosema kuhusu jinsi matangazo yanavyomchora mwanamke, nayasema nikiwa na wino mikononi.

Desemba ya mwaka juzi alikuja mteja wangu wa miaka mingi, mwenye duka la simiti na mabati huko Langoni. Ni mtu wa makamo, hakosi swala ya jamaa, nami humwita Ami ingawa hatuna damu moja.

"Ami, kalenda mwaka huu tutie nini? Mifuko ya simiti? Jahazi?"

"Tia msichana."

"Msichana na simiti wapi na wapi?"

"Mwanangu, kalenda bila msichana ni karatasi tu."

Nikatia. Niliingia kwenye yale maghala ya picha za kununua mtandaoni, nikapata msichana wa kaptura, kofia ya fundi imemkaa upande, mdomo wazi kidogo kama aliyesahau alichotaka kusema. Ami alimtazama, akakohoa, akaniambia nimsitiri kidogo maana hapa ni Lamu. Nikamrefusha kaptura kwa kompyuta hadi magotini. Mshono wake haukukaa vizuri lakini Ami aliridhika, na tukapiga nakala mia tano.

Wiki hiyohiyo hoteli moja ya Shela ilinipa kazi ya bango. Picha walikuja nayo wenyewe: kichochoro, ukuta wa mawe, mlango wa nakshi, na mwanamke wa buibui anapita, amepigwa kwa nyuma. Chini yake maneno ya Kiingereza kuhusu siri za kisiwa.

Nilikuwa na faili zote mbili zimefunguliwa bega kwa bega shangazi yangu aliponiletea chakula cha mchana. Alisimama nyuma ya kiti. Nikajikaza kusubiri maneno juu ya yule wa kaptura. Kidole chake kikaenda kwa yule wa buibui.

"Huyu ni nani?"

"Sijui, shangazi. Mtu yuwapita."

"Yuwaenda wapi?"

"Sijui."

"Basi huyu na yule wa simiti ni mamoja. Wote wawili hawana waendako."

Akafunua sahani, akaniambia nile kabla haijapoa. Wali niliumaliza, lile neno sijalimaliza mpaka leo.

Kwetu pwani ukisema tangazo fulani linamdhalilisha mwanamke, mazungumzo hukimbilia kwenye nguo. Kaonyesha paja? Kaacha kichwa wazi? Kipimo ni kitambaa, na bango likiwa na mwanamke aliyejifunika basi halina neno. Mimi silidharau swali la heshima. Mji huu una watoto wanaopita njiani kwenda chuoni, yaani madrasa, na wazee walioketi barazani, na kila mji una haki ya kusema nini kitundikwe mbele ya macho yao. Lakini hilo ni swali moja, na limezoea kulikalia la pili mpaka halionekani. Swali la kwanza huuliza: amevaaje? La pili huuliza: anafanya nini hapo?

Maswali haya hayaendi pamoja. Muogeleaji anayemaliza mashindano kwa nguvu zake zote, na nguo yake ya kuogelea mwilini, huenda akashindwa mtihani wa kwanza katika mitaa yetu. Wa pili ameupita, maana ni mtu anayefanya jambo lake. Mwanamke wa buibui kwenye lile bango ameupita wa kwanza bila doa. Wa pili hana hata karatasi ya kujibia. Amewekwa pale kama taa au chungu, ili ukuta usiwe mtupu.

Aliyelieleza jambo hili kwa namna ya kushikika ni Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Canada aliyefanya kazi Marekani. Miaka ya 1970 alikusanya mamia ya picha za matangazo kutoka magazeti, na mwaka 1979 zikatoka katika kitabu pamoja na uchambuzi wake. Hakushughulika sana na nani amevaa nini. Aliangalia mikono, kimo na macho. Mwanamume kwenye tangazo hushika kitu: usukani, nyundo, kalamu. Mwanamke hugusa tu, kwa ncha za vidole, kama anayeogopa kikombe kitaamka. Mwanamume husimama, na mwanamke huketi chini yake, hulala, humwegemea bega, au hukunja goti moja kiasi kwamba ukimsukuma kwa kidole ataanguka. Mwanamume hutazama kazi iliyo mbele yake, naye mwanamke hutazama nje ya picha, akili haipo. Kila moja peke yake ni kitu kidogo. Zikija mia, ni somo.

Niliposoma hayo nilifungua diski yenye kazi zangu za miaka minane. Ilikuwa jioni, umeme umerudi baada ya kukatika, na nilidhani nitachukua dakika kumi. Nikakaa mpaka adhana ya isha. Kopo la rangi: mwanamume ana brashi, mwanamke kamwekea mkono begani. Duka la simu: mwanamume azungumza, mwanamke acheka. Duka la samani: kitanda, na juu yake mwanamke, kana kwamba wanaume hawalali. Nilimtafuta mwanamke mmoja aliyekishika kitu kwa ngumi. Nikampata mmoja. Kile kitu kilikuwa mwiko.

Nne kati ya kazi hizo nilizipenda sana nilipozifanya, na hapo ndipo anapoingia mtu wa pili anayefaa kujulikana. Laura Mulvey, Mwingereza, aliandika mwaka 1975 kuhusu sinema kwamba kamera humkalisha kila mtazamaji kwenye kiti cha mwanamume. Mwanamume katika filamu ndiye anayetazama na kutenda, mwanamke ndiye anayetazamwa, na wewe uliyekata tikiti huna kiti kingine, hata ukiwa mwanamke. Ndiyo maana mimi, mwanamke mzaliwa wa Langoni, niliweza kukipanga kile kichochoro kwa jicho la mwanamume aliyeshuka kwenye boti dakika tano zilizopita. Huko Shela kiti hicho kina matakia mawili: la mwanamume, na la mgeni. Mgeni haji kukutana na yule mwanamke. Anaambiwa mapema kwamba ni siri, na siri haisemi.

Mtindo huu una umri. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, studio za picha za Unguja, kama za akina Gomes na akina Coutinho, zilipiga na kuuza kadi za posta za wanawake wa pwani. Wamesimamishwa, wamevikwa, wamepambwa, na chini yake imeandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Jina hakuna. Lamu nayo ilikuwa na shiraa, lile vazi mfano wa hema ambalo wanawake wa kiungwana walitembea ndani yake, na wapiga picha waliliona kama ajabu ya kupeleka kwao. Ukilinganisha kadi ya wakati ule na bango la leo, kilichobadilika ni rangi.

Ngoja nikae kidogo kwenye ule mlango, maana hapo ndipo pananiuma. Katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani desturi ya wenyewe ilikuwa baba kumpa bintiye nyumba anapoolewa. Mwenye uwezo alimjengea yake, asiye nao alimwongezea ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba za jamaa ziliunganishwa kwa wikio, lile daraja la juu ya njia, na wanawake wakapita kwenda kuamkiana bila kushuka barabarani. Yaani katika mji huu ambao tangu 2001 umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia kwa ajili ya nyumba zake, nyingi ya nyumba hizo zilikuwa mali ya wanawake. Sasa tazama bango. Kwenye kipeperushi kilichoandamana nalo mlango ulikuwa na maelezo yake: mbao za mbambakofi, nakshi, umri. Mwanamke anayeupita hakuwa na hata neno moja, na huenda ndiye mwenye mlango.

Nitaongeza la leso, ingawa ni dogo. Hoteli nyingine, hii ya upande wa Malindi, iliwahi kunitumia picha za ufukweni. Mrembo amejifunga leso kifuani, upepo, jua linazama. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lilikuwa limesimama kichwa chini. Shangazi aliinamisha shingo mpaka akalisoma: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Alicheka hadi akaketi. Leso ndiyo karatasi ambayo wanawake wa pwani wamesemeshana juu yake kwa zaidi ya karne. Mtu huchagua jina lake, akamvalia aliyemkusudia, na ujumbe ukafika bila kufungua kinywa. Picha ile iliichukua karatasi hiyo ikaigeuza kuwa rangi ya machungwa.

Hapa huwa napata jibu moja, hasa kutoka kwa wanaume wanaongoja fotokopi: "Lakini bibi weye, si kweli wanawake hupika? Tangazo la mafuta ya kupikia limtie nani, nahodha?"

Ni kweli hupika. Sura ya kukariri, ile picha moja inayorudiwa kuhusu kundi zima la watu, si lazima iwe uongo. Mara nyingi ni ukweli mdogo uliopewa kazi ya kuwa ukweli wote, ukarudiwa asubuhi na jioni hadi mengine yakakosa pa kukaa. Na hata hapo jikoni, angalia zaidi. Harusi za pwani, ile biriani ya masufuria makubwa nje ya nyumba, mara nyingi hupikwa na mwanamume, hulipwa, na huitwa mpishi. Anayepika kila siku nyumbani halipwi, na kwenye tangazo huitwa mama. Au sikiliza redio. Wanawake wawili wanalia juu ya doa, kisha inatoka sauti nzito ya kiume kuwaeleza namna ya kufua. Mimi nimefua tangu nina miaka tisa na bado sijakutana na mwanamume anayelijua doa la achari kumshinda shangazi yangu.

Kinachofanyika katika tangazo la aina hiyo ni mgawanyo: mwanamke ana tatizo, mwanamume ana ujuzi. Ukishaona mgawanyo huo utauona kila mahali, na utaona pia kwamba unawakata wanaume. Nchini Uingereza, ASA, chombo kinachosimamia maadili ya matangazo, kilianza Juni 2019 kutumia kanuni inayokataza matangazo yenye sura za kukariri za kijinsia zinazoweza kudhuru. Agosti mwaka huohuo kikayazuia mawili ya kwanza. Moja lilikuwa la jibini ya Philadelphia: akina baba wawili wamenogewa na chakula hadi watoto wao wachanga wakachukuliwa na mkanda wa kupitishia sahani. Watu 128 walilalamika kwamba linamfanya baba kuwa mjinga mbele ya mtoto wake. La pili lilikuwa la gari la Volkswagen. Wanaanga wawili wanaume wanaelea, mwanariadha wa kiume mwenye mguu wa bandia anaruka, na mwanamke ameketi kwenye benchi kando ya kigari cha mtoto. Waliolalamikia hili walikuwa watatu tu. Hakuna aliyevaa vibaya, na barazani kwetu lingepita bila mtu kuinua macho kutoka kwenye kahawa. ASA ikaona wenye kuthubutu wote ni wanaume na aliyekaa ni mwanamke, ikalizuia.

Kuna waliosema huo ni ukali wa kupita kiasi. Mimi pia lile la gari nililitazama mara tatu. Mama kukaa na mtoto si aibu, na angekuwa peke yake kwenye tangazo nisingesema kitu. Tatizo ni jirani zake: walipomweka kando ya watu wa anga, kukaa kwake kukawa jibu la swali la nani anaweza nini.

Kwa nini basi biashara, ambayo inataka pesa ya kila mtu, huendelea hivi? Nikijitazama mwenyewe, sababu kubwa ni haraka. Ami hana dakika arobaini za kunieleza duka lake, nami nina watu watano kwenye foleni. Sekunde thelathini za redio au nusu karatasi ya kalenda zinahitaji kitu kinachoeleweka kabla mtu hajafikiri, na kinachoeleweka kabla ya kufikiri ni kile alichokwisha kukiona mara elfu. Maghala ya picha nayo yamepangwa hivyo. Nikiandika kwa Kiingereza maneno ya mwanamke Mswahili, ninaletewa mabuibui na milango. Nikiandika fundi, naletewa ndevu.

Sababu nyingine ni kwamba mwenye duka humfikiria mteja asiyekuwepo. Vitabu vya risiti vya Ami ninavipiga mimi, na ameniambia kwa mdomo wake kwamba wanaolipa deni la simiti kwa wakati ni wanawake. Mama huchukua zamu yake ya chama, akaja na pesa amezifunga kwenye ncha ya leso, akanunua mifuko kumi ya chumba cha nyuma. Huyo ndiye mteja. Kalenda inamkonyezea mtu mwingine.

Penye krimu za kung'arisha ngozi sitakawia, ingawa ndipo picha inapoingia mwilini kabisa. Fair & Lovely iliuzwa India tangu 1975 kwa hadithi moja: msichana mweusi hana kazi wala mchumba, akapaka, akapata vyote. Mwaka 2020 kampuni ikaibadilisha jina kuwa Glow & Lovely. Hadithi ile imekwisha kujifunza lugha zote, mpaka ya bi harusi wetu anayeanza mkorogo mwezi mmoja kabla ya siku yake. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi Kenya, lakini vikopo huingia hata hivyo, na zebaki haikomei usoni. Inafika kwenye figo.

Habari ni ndugu wa matangazo, ila wao hujiona wamesoma zaidi. Tangu 1995 kuna mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari ambao kila baada ya miaka mitano huchagua siku moja na kuhesabu ni nani wanaoonekana, kusikika na kutajwa kwenye habari, nchi kwa nchi. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020, katika nchi zaidi ya mia moja, walikuwa asilimia 25. Waandalizi wakapiga hesabu kwamba kwa mwendo huo pengo litachukua miaka 67 zaidi kuzibika. Na kuhesabiwa bado si kusikilizwa, kwa sababu mtu anaweza kuingia katika ile asilimia 25 kama mjane anayelia.

Lamu tunalijua hilo. Taarifa zikitufikia ni shambulio, bandari mpya iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021, au mashindano ya punda. Kwenye shambulio mwanamke analia, kwenye bandari hayupo, kwenye mashindano yuko dirishani. Wanawake wa kisiwa cha Pate wanaoingia baharini maji yakitoka kutafuta pweza, miguu ikikatwa na matumbawe, wangeweza kuulizwa bandari hiyo imefanya nini kwa maji yao. Mwaka 2022 Lamu Mashariki ilimchagua Ruweida Obo kuwa mbunge wake, baada ya miaka mitano akiwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Mgeni anayetujua kwa mabango yetu angeapa kwamba hapa wanawake hawazungumzi, wanapita tu.

Sheria je? Kwenye karatasi hatuna njaa. Kenya iliridhia mwaka 1984 mkataba wa kimataifa wa 1979 wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2010 ikaridhia Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo kifungu chake cha 13 kinazitaka nchi zizuie wanawake kunyonywa na kudhalilishwa katika matangazo. Katiba ya 2010 ina kifungu cha 27 cha usawa na cha 28 cha utu. Kanuni za maadili ya wanahabari zinataka wanawake na wanaume watendewe sawa wanapokuwa wahusika au vyanzo vya habari. Lakini ukishuka hadi kwenye utekelezaji, unarudi kwenye kitambaa. Mamlaka ya Mawasiliano inaangalia saa: kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku kisirushwe kisichofaa watoto. Ada ya bango inategemea vipimo vyake. Kalenda ya duka haina wa kuiangalia kabisa, ni mimi na dhamiri yangu na Ami na kikohozi chake.

Sheria moja ndiyo iliyonigusa kwa karibu, nayo haikuandikwa kwa ajili ya wanawake. Ni ile ya kulinda data ya 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na kuitumia kutangazia biashara yako bila ridhaa yake ni kosa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Nilimtajia jambo hilo meneja wa hoteli ya Shela. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mwanamke wake amepigwa kwa nyuma, tena ana buibui, nani atamtambua?

Nilidhani amenishinda. Nikamweleza shangazi, akaniangalia kama mtoto. "Sisi twajuana kwa mwendo," alisema. Na ni kweli: katika mji huu unamjua mtu kwa ndara zake, kwa bega analolishusha akibeba mkoba, kwa jinsi anavyoukamata ukingo wa buibui penye maji ya mfereji. Siku tatu baada ya bango kutundikwa, jirani aliyekuja kulipia fotokopi aliliona kwenye kioo cha kompyuta akamtaja pale pale. Ni mwalimu wa chuo, wa kule juu Mkomani. Hata saa aliijua, kwa kivuli kilivyokuwa ukutani. Alikuwa akienda kuwasomesha watoto wa zamu ya asubuhi.

Nilimpelekea habari mwenyewe, kwa sababu aibu ilikuwa yangu. Hakugomba. Aliuliza bango liko wapi, nikamwambia. Akauliza kama limelipwa, nikamwambia limelipwa. Akanyamaza, akauliza kama ndara zaonekana.

Meneja, kusema haki, alikubali tubadilishe. Alinitumia picha nyingine ya kichochoro kilekile, safari hii imepigwa mchana wa jua kali. Ni mlango peke yake, umefungwa.

Desemba iliyofuata Ami akaja tena. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamtolea picha niliyoipiga mwenyewe kwa ruhusa: mama mmoja wa Langoni amesimama juu ya dari ya nyumba yake isiyokwisha, mfuko wa simiti umeegemea mguu wake, ana daftari la vibarua mkononi na amekunja uso kwa jua. Ami aliitazama muda mrefu. Akasema ni picha nzuri sana, mashallah, na huyo mama anamjua, ni mteja wake, hajawahi kumchelewesha hata shilingi.

"Basi tutie?"

Akakuna kidevu. Watu watauliza huyu ni nani wake, akasema. Mumewe je? Si bora tuepushe maneno?

Akachagua jahazi. Limetweka tanga, limejaa mifuko yake ya simiti, na juu yake wanaume saba wanavuta kamba. Kila mmoja ameishika kwa mikono miwili.